Hodi ya Mgeni: Safari ya Gede na Malindi



Jumamosi moja, baada ya swala ya alfajiri, tuliondoka Mnarani pamoja na watoto wa madrasa na baadhi ya mama zao. Tukavuka daraja la Kilifi, tukashika njia ya Malindi, msitu wa Arabuko Sokoke ukiwa kushotoni mwetu. Kusudio letu lilikuwa kuwaonyesha watoto magofu ya Gede, mji wa Waislamu uliokaliwa tangu karne ya 12 hadi ya 17, na ambao mwaka 2024 uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia.

Tulianzia msikiti mkuu, tukawaonyesha watoto mihrabu, kisima na mahali pa kutawadhia. Kisha tukaingia majumbani. Wachimbuzi waliyaita majina kwa vitu walivyovikuta humo: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Ushanga wa Venisi. Tukawaeleza watoto namna wazee wetu wa pwani walivyojenga. Mgeni wa kupita alikomea barazani. Mgeni wa heshima alikaribishwa mahali pa wageni. Ndani hakuingia ila aliyeruhusiwa, kwani ndani ndimo walimo mama na mabinti. Nyumba yenyewe ilikuwa ikimfundisha mgeni adabu kabla mwenyewe hajafungua kinywa.

Tulikuwa bado katika maneno hayo walipotokea watalii wawili, wamevaa nguo za kuogelea, wakapanda juu ya ukuta wa msikiti na kuanza kuwapiga picha mabinti zetu. Mama mmoja akamfunika mwanawe kwa leso. Tukawaomba washuke, wakashuka, wakaomba radhi, wakaenda zao. Hawakuwa watu wabaya. Hakuna aliyewaambia kuwa pale ni msikiti. Lakini mama yule akatugeukia, akasema: "Maalim, watu hawa waliulizwa maswali mangapi kabla ya kuingia Kenya? Mbona hapa hawakutuuliza sisi hata moja?"

Swali hilo tulikwenda nalo siku nzima.

Ni kweli, mgeni huulizwa. Tangu Januari 2024 Kenya iliondoa viza na kuweka mahali pake idhini ya kusafiri inayoombwa kwa intaneti. Mgeni huonyesha pasipoti yake, hueleza atafikia wapi, na hulipa ada, ambayo ilipoanza ilikuwa dola 30. Ndugu zetu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walisamehewa. Mwaka 2025 serikali ikatangaza msamaha kwa raia wa nchi za Afrika, isipokuwa Somalia na Libya, kwa sababu ya usalama. Tunaelewa hofu hiyo, nasi tunajua uzito wake kwa Wabajuni wa Malindi na Lamu wenye jamaa upande wa pili wa mpaka. Mtalii wa mbali na shangazi wa Kismayu wanajaza fomu ileile.

Tazama na kwa jirani zetu. Zanzibar, tangu tarehe 1 Oktoba 2024, imemtaka mgeni wa kigeni anunue bima ya serikali yake kwa dola 44. Na mwaka 2021 ilitangaza faini kwa mtalii apitaye mjini bila mavazi ya staha. Maldivi, nchi ndogo ya Kiislamu iliyoanza utalii mwaka 1972, humpa mgeni siku 30 bila malipo ya viza, lakini pombe haiuzwi katika visiwa wanamokaa wenyeji, na nguo za kuogelea zina ufuo wake. Bhutani, kule milimani, hutoza wageni wengi dola 100 kwa kila usiku, ili waje wachache na fedha iwafae raia. Nchi hizi ni ndogo, na nchi ndogo ni kama nyumba ndogo: wageni wakizidi, mwenyeji ndiye anayekosa pa kulala.

Sisi Waislamu jambo hili si geni kwetu. Katika Surat an-Nur tumeamrishwa tusiingie nyumba zisizo zetu mpaka tuombe idhini na tuwatolee salamu wenyewe. Mtume, swalla Allahu alayhi wa sallam, alifundisha kuwa hodi ni mara tatu, usipojibiwa, rudi. Akafundisha pia kuwa haki ya mgeni ni siku tatu, na kwamba si halali kwake kukaa hadi amtie mwenyeji wake dhiki. Ibn Battuta, aliyepita pwani hii mwaka 1331, ameeleza desturi ya Mogadishu: jahazi likitia nanga, vijana wa mji walilifuata kwa vyakula, na kila mfanyabiashara alifikia kwa mwenyeji aliyemchukua. Mwenyeji huyo alimuuzia na kumnunulia. Mgeni hakutembea mjini bila mtu wa kuulizwa habari zake.

Adhuhuri tulifika Malindi, tukasimama penye mnara wa Vasco da Gama. Alikuja Aprili 1498, akitokea Mombasa ambako hakuaminiwa. Mfalme wa Malindi akampokea kwa hisani, akampa na rubani wa kumfikisha Bara Hindi. Miaka saba baadaye, Wareno wakazipora Kilwa na Mombasa. Mwaka 1593 wakaanza kujenga Ngome ya Yesu, wakahamia Mombasa wakiwa na mfalme wa Malindi, na mji uliowakirimu ukadidimia. Hatusemi kwamba ukarimu ulikuwa kosa. Twasema kwamba mgeni huyu hakuwekewa mpaka, na hasara yake walirithi watoto.

Alasiri tuliwapeleka watoto pwani wakanyage maji. Mbele ya hoteli moja askari akatuzuia: hapa, alisema, ni pa wageni. Tukamjibu kwa upole kuwa Katiba ya Kenya imeifanya ardhi iliyo baina ya maji kujaa na maji kupwa kuwa ya umma. Akainamisha kichwa, akatupisha. Naye ni mtoto wa huku huku; alikuwa akilinda ugali wake. Lakini mtoto mmoja alituuliza: "Maalim, kwani sisi tunahitaji viza?" Hatukucheka.

Wasomaji wetu, lipo na zito zaidi. Mwaka 2006 UNICEF pamoja na Serikali ya Kenya walitoa utafiti uliokadiria kuwa wasichana 10,000 hadi 15,000 wa Malindi, Kilifi, Mombasa na Diani walikuwa wakiingizwa katika biashara ya miili yao. Tulipousoma tuliwatupia lawama watalii. Kisha tukakuta kwamba zaidi ya theluthi ya wateja walikuwa Wakenya. Hakuna fomu ya uwanja wa ndege inayomzuia mtu wa aina hiyo. Anayemzuia ni mwenye nyumba ya kupangisha anayeuliza, "Binti huyu ni nani kwako?" na jirani asiyenyamaza, na mzazi asiyefurahia simu mpya bila kujua imetoka wapi. Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya mwaka huohuo imelitaja kosa la utalii wa ngono wa watoto, lakini sheria hungoja mtu wa kushtaki.

Tukarudi garini na swali la mama yule. Serikali hupokea hodi ya mlango wa nchi. Hodi ya msikiti, ya mtaa na ya nyumba ni juu yetu sisi wenyewe, na hodi haina maana pasipo mtu wa kuijibu. Tumwambie mgeni, kwa uso mkunjufu, hapa ni msikiti, jisitiri. Mtoto huyu usimpige picha bila idhini ya mamake. Vijana wetu wanaosema Kiitaliano vizuri ufuoni wafundishwe na maneno hayo pia. Wageni wengi wataitika, kama walivyoitika wale wawili wa Gede.

Tulifika Mnarani magharibi inaadhiniwa. Watoto waliposhuka, yule aliyeuliza habari ya viza alikimbilia kwao, akafika mlangoni, akasimama, akasema: "Hodi!" Mamake akajibu kutoka ndani: "Karibu, mwanangu."

Mwenyezi Mungu atuhifadhie watoto wetu na atujaalie tuwe wenyeji wema wenye kulinda amana. Amin. Wabillahi tawfiq.