Mnunuzi wa Kamba Darasani

Nilipangiwa kufundisha Kiingereza shule ya msingi Mbuchi, katika delta ya Rufiji. Kule safari huamuliwa na maji: yakijaa mashua inaondoka, yakipwa unasubiri. Wanafunzi wangu walijua kupiga kasia na kubishana bei na wachuuzi wa kamba, lakini nikiuliza swali kwa Kiingereza, macho yote yalishuka kwenye madaftari.

Nikakumbuka igizo dhima tulilofundishwa chuoni: mwanafunzi huigiza mtu fulani na kusema kama yeye. Mkufunzi wetu alitusimulia pia Tuseme, mradi ulioanzishwa mwaka 1996 na wanataaluma wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwamo Penina Mlama na Amandina Lihamba, ili wasichana wa sekondari waseme, kwa njia ya maigizo, mambo yanayowakwamisha masomoni. Niliona kwamba igizo linalompa msichana ujasiri wa kusema yanayomuuma litampa pia ujasiri wa kutaja bei kwa lugha ngeni.

Tukaanza na igizo la dikoni. Madawati yakawa mashua, na mimi nikawa mvuvi. Kila mhusika alikuwa na siri yake: mnunuzi barafu inamyeyukia, mvuvi anadaiwa dukani. Mwenye haja ya kweli husahau kuogopa sarufi. Msichana mmoja mkimya, aliyelelewa kuniamkia shikamoo na kuinamisha macho, alipokuwa mnunuzi alinikatalia bei, akataka kamba wapimwe upya, kisha akajifanya anaondoka. Yote hayo kwa Kiingereza cha maneno machache. Sikumkatiza. Makosa niliyaandika pembeni, na baada ya igizo darasa zima likayasahihisha kama makosa ya mnunuzi, naye akasahihisha pamoja nao bila haya.

Baadaye tuliigiza nahodha, muuguzi wa zahanati na mgeni anayetafuta viboko. Nilishikilia njia hiyo kwa sababu nilijua kinachowasubiri: kidato cha kwanza karibu masomo yote hufundishwa kwa Kiingereza, na mtoto asiyethubutu kuuliza huachwa nyuma hata kama ana akili.

Mwalimu mwenzangu, igizo halihitaji vifaa wala bajeti. Mpe mtoto mtu wa kumwigiza, mpe na jambo la kulitafuta, kisha mwache aseme mpaka mwisho. Sarufi ifundishe, tena kwa bidii, lakini ifuate baada ya sauti yake kusikika.