Panya wa Visiwa vya Ssese

Kwetu Mugoma, wilayani Ngara, panya hana wakili. Anayemaliza mahindi ghalani hutegewa mtego, na jambo huishia hapo. Hata hivyo, ndugu msomaji, leo namtetea panya asiyewahi kuligusa ghala la mtu wa Ngara.

Wataalamu humwita Pelomys isseli. Meno yake ya mbele ya juu yana mifereji, na duniani kote anajulikana katika visiwa vitatu tu vya Ssese nchini Uganda: Bugala, Bunyama na Kome, katika Ziwa Victoria lile lile linalogusa ufukwe wa Bukoba. Alipewa jina hilo mwaka 1924.

Mwanzoni mwa karne ya 20 malale yaliwaua wakazi wengi wa Ssese, na serikali ya kikoloni ikawahamisha waliosalia. Pori likarejea. Karibu miaka mia moja baadaye ikaja michikichi. Mradi wa Bugala ulilenga hekta 10,000: 6,500 za kampuni na 3,500 za wakulima wadogo. Misitu ikafyekwa. Wako wakulima waliopata kipato cha kusomesha watoto. Wako pia waliolalamikia kupoteza ardhi. Wote wana haki ya kusikilizwa. Panya hakuwa na pa kulalamikia.

Sisi wa Ngara tunajua msitu unavyokwisha. Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka Rusumo kutoka Rwanda katika muda wa takribani siku moja. Kambi ya Benaco ikazaliwa, na miti ikageuka kuni. Nani angemlaumu mama anayemchemshia mwanawe uji? Lakini mkimbizi hakuwa na nafasi ya kuchagua. Anayepanga shamba la maelfu ya hekta anayo.

Tena, mti uliokatwa Ngara waweza kupandwa upya kwa mbegu kutoka Biharamulo. Mnyama wa visiwa vitatu hana jirani wa kumwazima mbegu. Akitoweka huko, ametoweka duniani.

Kwa hiyo, mtumishi wa umma unayeletewa tathmini ya mazingira uitie saini, uliza kwanza: ni kiumbe gani anaishi hapa na hapatikani kwingine? Nawe mwanafunzi, jiandae kulijibu swali hilo, kwa maana mwenye kuulizwa hatakuwa na kinywa.