Nati Iliyolegea

Mimi ni mwalimu wa lugha, na kazi yangu ni maneno. Sikutazamia kwamba siku moja nitaandika juu ya chuma na nati. Walakini maarifa hayana ukuta, na deni la mtu humfuata hata mahali asipopatazamia. Deni langu ni la miaka zaidi ya ishirini, na mwenye haki nalo hajapata kulidai.

Mwaka 1999 nilisafiri kwa basi kutoka Iringa kwenda Dodoma. Barabara ile siku hizo ilikuwa ya vumbi na makorongo, na gari lilitetemeka njia nzima kama mgonjwa wa homa. Tulipofika Mtera abiria walishuka kununua samaki. Utingo, kijana wa umri wangu, alichukua kipande cha nondo, akazunguka magurudumu akigonga nati moja moja na kusikiliza. Kwenye gurudumu la nyuma la kushoto aligonga mara mbili, akainamisha kichwa, akagonga tena.

"Hii haisemi kama wenzake," alisema.

Akataka spana ya magurudumu, nayo ilikuwa chini ya magunia. Abiria walianza kunung'unika. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nami nilijiona mtu wa elimu. Nikamwuliza kwa sauti kama alikuwa anatengeneza gari au anapiga ngoma. Watu walicheka. Dereva naye akacheka, akatia gari moto. Kijana aliitupa nondo chini ya kiti, akasimama mlangoni kimya.

Hazikupita saa mbili gurudumu likatoka. Basi lililala upande, likaburuza chuma juu ya changarawe, likasimama ukingoni mwa korongo. Hakufa mtu. Lakini kijana alirushwa nje akavunjika paja. Alipokuwa akipakiwa katika gari jingine nilisimama karibu naye, na neno la kumwomba radhi lilikuwa mdomoni mwangu. Sikulitoa.

Mwaka jana mwenzangu mmoja wa uhandisi alinijia na kijitabu alichowaandikia mafundi, akitaka nikisahihishe Kiswahili chake. Kilihusu namna ya kutambua kulegea kwa viungo vya mashine kwa vihisi vya piezoelektriki. Neno hilo limetokana na kitenzi cha Kiyunani chenye maana ya kubana. Mwaka 1880, huko Ufaransa, ndugu wawili, Jacques na Pierre Curie, walionyesha kwamba baadhi ya fuwele, kama kwatsi, zikibanwa hutoa umeme. Mwaka uliofuata Gabriel Lippmann alionyesha kwa hesabu kwamba kinyume chake lazima kiwe kweli pia, yaani fuwele hizo zikipewa umeme hutanuka na kunywea. Ndugu wale wakalithibitisha jambo hilo kwa majaribio. Basi kitu kimoja chaweza kuwa mdomo, nacho chaweza kuwa sikio.

Mwenzangu alinipeleka katika karakana yake. Juu ya meza palikuwa na mabamba mawili ya chuma yaliyofungwa pamoja kwa bolti. Juu ya kila bamba alikuwa amegandisha kidonge chembamba cha kauri, kisichozidi sarafu kwa ukubwa. Cha kwanza alikipa umeme, kikakitetemesha chuma kwa kasi ambayo sikio la binadamu haliwezi kuisikia. Cha pili kiliupokea mtetemo ule ng'ambo ya kiungo, kikaugeuza kuwa umeme tena, nao ukachorwa kama wimbi kwenye kioo cha kompyuta.

Alinieleza kwamba nyuso mbili za chuma, hata zikisuguliwa namna gani, hazigusani kila mahali. Hugusana katika vilele vya vijilima visivyoonekana kwa macho. Nati ikikazwa, vilele hivyo hubanwa, mahali pa kugusana huongezeka, na mtetemo hupata njia pana. Nati ikilegea, njia husonga. Akaizungusha nati kidogo kwa spana. Nilitazama kiungo nisione badiliko lolote. Nilitazama kioo, na wimbi lilikuwa limenywea.

Alinieleza pia kinacholegeza. Mwaka 1969 mhandisi Gerhard Junker alionyesha kwamba mtikisiko wa kwenda ubavuni hulegeza nati kuliko mvuto wa kufuata urefu wa bolti. Wala hakunificha udhaifu wa chombo chake. Kiungo kikiwa kimekazwa sana, kulegea kwa mwanzo hubadili wimbi kidogo tu. Na joto la mchana laweza kukisingizia kiungo kizima. Kwa hiyo sauti ya kiungo kizima huhifadhiwa kwanza, ndipo sauti za siku zijazo zilinganishwe nayo. Hapo nilishtuka. Kulinganisha sauti na sauti ndiyo kazi iliyofanywa na nondo pale Mtera.

Jioni ile nilisoma habari za ajali ya reli ya Potters Bar, Uingereza, ya tarehe 10 Mei 2002. Mahali treni zinapobadilishiwa njia, nati zilikuwa zimelegea na nyingine zimetoka. Treni iliacha reli, na watu 7 wakafa. Usiku uliotangulia mfanyakazi mmoja wa reli, aliyekuwa abiria, alikuwa ametoa taarifa ya mtikisiko mbaya mahali pale. Walakini waliotumwa kukagua walielekezwa upande mwingine wa stesheni. Kiungo kilisema, mtu akasikia, na habari ikapotea njiani.

Kihisi kina bora moja juu ya utingo: hakichekwi kikanyamaza. Lakini tarakimu zake zaweza kudharauliwa na mwenye haraka kama alivyodharauliwa yule kijana.

Nilimrudishia mwenzangu kijitabu kikiwa na masahihisho mengi na sentensi mbili zangu. Ya kwanza niliiweka mahali alipokuwa ameandika maneno magumu juu ya tofauti za mawimbi: "Sikiliza kama nati hii haisemi kama wenzake." Ya pili niliiweka mwisho: "Aliyetambua kasoro awe na idhini ya kusimamisha gari au mtambo, hata kama ni mdogo kuliko wote waliopo."

Aliipenda ya kwanza. Ya pili alisema si uhandisi, ni amri ya wenye mali, na mwandishi wa kijitabu hana uwezo nayo. Tulibishana siku mbili. Mwishowe nilimsimulia habari za Mtera pamoja na mzaha wangu, ambao sikuwa nimepata kumwambia mtu. Alinyamaza kitambo, kisha akaiacha sentensi mahali pake.

Kijitabu kimekwisha pigwa chapa. Hakina jina la kijana yule, kwa kuwa silijui. Kama yu hai, sasa ni mtu wa makamo kama mimi, na huenda anachechemea. Maneno yake yamo katika ukurasa wa nne. Radhi yake bado sijaiomba.