Fulana na Elfu Kumi

Juni 2001, katika jengo la mikutano la AICC hapa Arusha, mama na mwanawe wa kumzaa waliketi kizimbani pamoja, mbele ya mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda. Pauline Nyiramasuhuko alikuwa waziri wa familia na maendeleo ya wanawake wa Rwanda. Mwanawe, Arsène Shalom Ntahobali, alikuwa kijana wa miaka ishirini na ushee mauaji ya kimbari yalipoanza Aprili 1994; akashika kizuizi cha barabarani mjini Butare, jirani na hoteli ya kwao. Kesi ilichukua miaka kumi. Miongoni mwa mengi, mama alibebeshwa dhamana ya ubakaji uliofanywa na wanamgambo wa Interahamwe kwa wanawake waliokimbilia ofisi za mkoa kutafuta usalama. Wote wawili walipewa kifungo cha maisha tarehe 24 Juni 2011, na rufaa ikakipunguza hadi miaka 47.

Sisi wa Olasiti tulikuwa umbali wa nauli moja ya daladala. Kusema kweli, wengi wetu mahakama ile tuliijua kwa kodi za nyumba zilizopanda na magari meupe ya Umoja wa Mataifa. Mimi nilikuja kuisoma kesi hii baadaye, na tangu hapo mama yule hanitoki akilini. Mzazi anayemwona mwanawe amesimama kwenye kizuizi na panga, kisha badala ya kumvuta shati arudi nyumbani, anawaongezea wenzake kazi!

Arusha hawakuletwa wale maelfu wa mitaani. Wao walihukumiwa kwao, wengi kwenye mabaraza ya kijamii ya gacaca. Walioletwa huku wengi wao ni mawaziri, mameya, makanali, watangazaji, matajiri. Georges Rutaganda, makamu wa rais wa Interahamwe, alikuwa mfanyabiashara. Kundi lenyewe lilianza kama umoja wa vijana wa chama tawala. Simwondolei kijana dhambi yake, kwani Shalom alikuwa mtu mzima. Ila mkono wake haukuamka asubuhi ukaamua wenyewe.

Kwa watoto hata ubishi huo haupo. Kina Kadogo, askari watoto waliopita na jeshi la Laurent Kabila kule Kongo mwaka 1996 na 1997, walikuwa na bunduki zinazowazidi kimo. Thomas Lubanga, kiongozi wa wanamgambo wa Ituri hukohuko Kongo, alihukumiwa miaka 14 huko The Hague mwaka 2012, kwa kuwaingiza vitani watoto wasiofika miaka 15. Mkataba wa Afrika wa haki za mtoto wa mwaka 1990 unataka asiyetimiza 18 asiingizwe vitani kabisa.

Wamasai na Waarusha suala hili la mkubwa kuwajibika kwa matendo ya vijana walilipangia utaratibu zamani. Kila rika la morani lina wazee wake, olpiron, wenye baraka na laana juu yao. Morani wakiharibu, jina la wazee hao ndilo linalotajwa. Na gharama haikawii. Oktoba 1896 morani walipowaua wamisionari Ovir na Segebrock kule Akeri, Wajerumani walirudi na moto. Waliolipa ni jamii nzima: ng'ombe, migomba, na baadaye kazi ya shuruti ya kujenga boma la Arusha mwaka 1900.

Leo morani wetu yuko kijiweni, juu ya bodaboda ya mkopo. Msimu wa kampeni uliopita alikuja mtu na gari, akagawa fulana na elfu kumi kumi, eti walinde mkutano, na wakikuta wa upande wa pili "wawaonyeshe". Kijana mmoja akaniambia, "Mzee, ni kazi tu hii." Sikubishana naye, marejesho ya pikipiki ni kila siku. Nilimfuata mwenye gari, nikamuuliza kama wanawe nao wamevaa fulana hizo. Akasema wako chuo, hawana nafasi ya mambo hayo.

Vijana wakinijia siku hizi kuomba ushauri kuhusu kazi za namna ile, nawaambia wamuulize tajiri swali hilohilo kwanza, tena mbele za watu.