MBONGO WA SAN FRANCISCO, KURA YAKE YA KWANZA NA KOCHI LA DADA MKUBWA

Ukiangalia picha za San Francisco unaona daraja jekundu na watu wenye hela. Watu wanaotafuta chumba hawapigwi picha.

Kuna dada mmoja wa Temeke, jina kapuni, anapiga box huko Marekani. Kazi yake ni usafi wa maofisi katikati ya jiji. Ilipoingia korona 2020, watu wa kompyuta wakaanza kufanyia kazi nyumbani, na hata ugonjwa ulipopoa wengi hawakurudi. Maofisi matupu hayahitaji msafishaji kila siku. Saa za kazi zikapungua, kodi ya chumba ikabaki palepale.

Alipofika kule alipokelewa na dada mkubwa wa Tanga. Alimlaza kwenye kochi miezi minane bila kumdai hata senti. Huyo dada mkubwa anakaa jengo la zamani, na kwa sheria ya jiji lile, maghorofa mengi yaliyojengwa kabla ya Juni 1979 kodi yake haipandishwi kiholela. Ila hiyo ni kwa aliyekwisha ingia. Ukipanga leo, unaanza na bei ya leo.

Basi bwana, Novemba 2024 ukafika uchaguzi wa meya na madiwani. Mdogo mtu kashapata uraia, kura ya kwanza hiyo. Yeye akamtaka mgombea anayesema jiji lijenge nyumba nyingi na katikati pachangamke tena. Dada mkubwa akabaki na diwani aliyekuwepo, mtetezi wa wapangaji.

"Mdogo wangu, wakianza kujenga, cha kwanza kubomolewa ni hapa kwangu."

"Lakini dada, waliokosa vyumba walishahamia mbali. Hawapo hapa kujipigia kura. Nani awasemee?"

Kule wagombea unawapanga kwa namba, moja, mbili, tatu. Mdogo mtu akajaribu kupooza: "Wako nimempa namba mbili."

"Namba mbili hainilipii kodi."

Simu zikakatika. Hakuna salamu, hakuna "umekula?"

Kura zilihesabiwa kwa siku kadhaa. Diwani wa dada mkubwa akadondoka. Mdogo mtu hakushangilia. Alikaanga sambusa akaenda, akakaa kwenye kochi lilelile.

Dada mkubwa akamuuliza taratibu: "Haya, umeshinda. Wakija kubomoa, utanipokea wapi?"

Akakosa jibu. Chumba chake kina kitanda kimoja, na ndiyo sababu alipiga kura vile.

Walikula sambusa kimya kimya. Wakati wa kuondoka dada mkubwa akamwambia, "Ukifika unibipu."

Wadau, jiji limebadilisha diwani, nyumba bado hazijajengwa. Kati ya hawa wawili, ungeweza kumwambia yupi kakosea?