Nilisingizia Mkongo

Jumapili ya Mei 12, 2024, mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika huko upande wa Afrika Kusini, na intaneti ya Tanzania ikazorota vibaya. Ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam ulifunga huduma kwa siku mbili. Kwa hiyo wateja wangu wa Tandika na Mbagala waliponipigia kwamba programu ya mauzo haifunguki, jibu lilikuwa mdomoni: mkongo umekatika, nchi nzima iko hivyo, tuvumiliane.

Nilikuwa nawadanganya.

Kiunzi cha programu hiyo, nilichokiandika kwa ajili ya maduka madogo, ya dawa muhimu na ya vipuri hasa, nilikiuza kwa sifa moja: hakili bando. Kumbukumbu zote zimo kwenye kompyuta ya duka, na seva ni kompyuta hiyohiyo iliyo chini ya kaunta. Mtu akiuza panadol Tandika, hakuna kinachopaswa kuvuka bahari. Lakini vitufe, kalenda na hesabu za tarehe sikuviandika mimi. Nilichukua msimbo wa watu, tena bila kuunakili ndani ya kiunzi changu. Niliweka mstari mmoja tu wa kukiagiza kivinjari kikaufuate kwenye seva za nje kila ukurasa unapofunguliwa. Namba ya toleo sikutaja. Niliomba lililo jipya siku zote, kwa hiyo hata nakala iliyokuwapo dukani haikutosha, lazima kivinjari kiulize kwanza. Siku ile kiliuliza, hakikujibiwa, ukurasa ukabaki mweupe.

Nyumbani Temeke nilikijaribu mara nyingi, na intaneti ikiwa hewani kila mara.

Sikuwa mgeni wa mambo haya. Machi 2016, mwandishi wa programu Azer Koçulu aliondoa msimbo wake kwenye hazina ya npm baada ya kuvutana na kampuni ya Kik kuhusu jina. Humo mlikuwa na left-pad, mistari 11 ya kujaza nafasi kushoto mwa maandishi, na miradi mingi duniani iliyokuwa ikiifuata huko ikakwama. Niliisoma habari hiyo nikacheka. (Sidai kwamba kila kitu tujiandikie. Msimbo wa kulinda nywila nitaendelea kuuchukua kwa wanaoujua. Nikiuandika mwenyewe nitawaumiza watu zaidi.)

Mama mmoja mwenye duka la dawa aliniuliza, "Fundi, si ulisema hii haihitaji bando?" Nikamjibu, "Mama, hili la mkongo limetushinda sote." Akanipa pole, akarudi kwenye daftari lake. Pole ile ndiyo iliyonikosesha usingizi.

Usiku huo nilianza kuuhamishia msimbo wote ndani ya kiunzi. Hesabu ya tarehe niliiandika upya, haikujaza hata ukurasa. Nikazunguka na flashi duka kwa duka, nikiita kazi hiyo toleo jipya, na waliotoa hela ya matengenezo niliwapokelea.

Kama duka lako ni mojawapo, mkongo haukuhusika. Nipigie, nikurudishie hela yako.