Hii Usipoteze

Kompyuta ya kaka yangu ilikuwa inachukua dakika nane kuwaka. Nabonyeza swichi, navuka barabara ya Garissa kununua chai na mandazi, narudi, bado inazunguka tu. Mtu ametoka Kyuso na matatu ya alfajiri kuja kuomba mkopo wa HELB. Huyo humwambii angoje mashine iamke. Tena Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida Oktoba 14, 2025, na mashine yenyewe ilikuwa kuukuu mno kwa Windows 11.

Kwa hivyo nikaunda nyingine. Miezi mitano nilinunua vipande kimoja kimoja. Madabodi na prosesa zilitoka Nairobi kwa matatu, zimefungwa ndani ya blanketi. Jumapili jioni nikaiwasha, ikawaka. Mwaitu akapiga vigelegele kama kwamba mtoto amezaliwa.

Ikabaki Windows. Fundi wa jirani akacheka, "Bosi, si ni ya kukraki tu? Leta mia tano."

Sikumlaumu. Sisi wenyewe tuliwahi kutumia ya kukraki, hadi siku virusi vilipofunga kila faili ya saiba: sivii za watu, tasnifu ya mwalimu mmoja, barua za kesi ya shamba. Kaka aliomba wateja msamaha mmoja mmoja. Kisha akauza mbuzi wawili, akanunua leseni halali. Ule ufunguo wa herufi na tarakimu 25 aliunakili nyuma ya daftari la madeni, akaandika chini yake, "Hii usipoteze." Mwaka uliofuata tukampoteza yeye.

Si kila leseni huhama. Zile kompyuta zilizotumika ng'ambo, zenye stika ubavuni, leseni yake ni ya OEM. Hiyo imeoana na madabodi. Madabodi ikifa, inazikwa nayo. Ya rejareja ni tofauti, unaweza kuihamisha, ila kwa mashine moja kwa wakati mmoja. Nikaandika amri ya slmgr /dli kwenye kompyuta ya kaka. Kisanduku kikatokea, na ndani yake neno RETAIL. Nikashusha pumzi.

Lakini masharti yanasema ukihamisha, lazima uiondoe kule ilikotoka. Hapo ndipo nilikwama siku tatu. Picha zake nilinakili kwenye flashi, nyimbo pia. Ila kuna vitu havinakiliki. Jina lake lilikuwa pale kwenye skrini ya kuingia. Nenosiri lilikuwa jina la mbwa wetu wa utotoni, na kila asubuhi nikilichapa ilikuwa kama kumsalimia.

Nikamwambia Mwaitu. Alikuwa anapepeta ndengu, hakuinua kichwa.

"Hilo shati la kaka yako umevaa, ulilifua?"

"Ndiyo, Mwaitu."

"Na si bado ni lake?"

Jioni hiyo nikaandika slmgr /upk, nikabonyeza. Kisanduku kidogo kikasema ufunguo umeondolewa. Nikaifuta diski. Haikuchukua muda, na hilo ndilo lililoniuma.

Ufunguo wa Windows 10 hufungua hata 11, kwa hivyo nikauchapa kwenye mashine mpya. Ukakataliwa. Nikarudia, ukakataliwa tena. Moyo ukaanza kwenda mbio: nimefuta kule, na huku sijapata. Nikachukua daftari, nikalisogeza karibu na taa. Nikakumbuka jinsi tulivyokuwa tukigombana juu ya madeni ya wateja kwa sababu ya mwandiko wake. 8 zake zinafanana na B. Nikarekebisha moja tu, ikakubali.

Ilipouliza jina la mtumiaji, nikaandika langu. Nenosiri ni lile lile la mbwa.

Siku hizi inawaka kabla sijafika mlangoni. Chai bado navuka kuifuata.